Nishani Iliyokosa wa Kuichukua

Mweka hazina alitandika leso kuukuu juu ya meza ya baraza, hapa Malindi, akaanza kupanga mali ya chama kitu kimoja kimoja. Senti zenye tundu za enzi ya Mwingereza. Riale za Maria Theresa. Pesa za shaba za Sayyid Barghash, zile zenye mizani. Vibati vya mashamba ya mkonge. Nishani za askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, nyingine na tepe zake, nyingine zimebaki chuma kitupu.

"Haya jamani," akasema, "kila mtu achukue alicholeta. Kisicho na mwenyewe tutakizungumza."

Mikono ikaanza kupita mezani. Hapakuwa na ugomvi. Watu walipokezana vitu kwa upole, huyu akimkumbusha yule: "Hiki chako bwana, ulikuja nacho mwaka ule wa mafuriko." Leso ilipokaribia kuwa tupu, katikati ilibaki nishani moja ya fedha yenye sura ya Malkia Victoria. Juu yake pana kibao chembamba kilichoandikwa WITU 1890.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Tangu siku ile chama chetu cha wakusanyaji wa tokeni, vile vipande vya chuma vitumikavyo kama sarafu, na nishani hakipo tena. Watu wananiuliza kama nasikitika. Nasikitika, lakini si kwa sababu wanayoidhania, na imenichukua wiki nyingi kujua hasa ni nini kinachonikosesha raha.

## Njia ya Mokowe

Sababu za kuvunja chama si siri. Wazee wetu wamekwenda mbele ya haki mmoja baada ya mwingine. Wanachama wa upande wa Lamu walikuwa wavuke kwa boti hadi Mokowe, kisha wapande basi kwa zaidi ya kilomita 200, wapite Witu na Garsen, ndipo wafike Malindi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, safari ile ikawa ya kusindikizwa na askari na kungoja vizuizini. Mtu wa miaka sabini na kitu hawezi kuambiwa afanye hivyo kila mwezi kwa ajili ya kuangalia senti.

Halafu ikaja Korona. Aprili 2020 kaunti ya Kilifi ilifungwa, hakuna kutoka wala kuingia, na ilipofunguliwa tulikuta mazoea yameshakatika. Tulijaribu kutumiana picha kwa simu. Picha haikupi uzito wa kitu mkononi, wala haikulazimishi kukaa na mwenzako mpaka amalize kusema.

Mimi nilikuwa katibu. Nilipiga kura ya kuvunja, na nilinyoosha mkono wangu mapema ili wengine wasione haya kunyoosha yao. Niliamini, na bado naamini, kwamba chama kife wenyewe wakiwa wameketi, wanaoweza kusema hiki cha nani na kimetoka wapi. Njia ya pili naijua pia. Mzee anafariki, watoto wanarudi kutoka Nairobi kwa matanga, wanafungua sanduku, na wiki ya pili mnunuzi wa vyuma chakavu yuko mlangoni na mizani yake. Shaba hupimwa kwa kilo. Kibati cha mwaka 1930 na kitasa kilichovunjika huingia gunia moja.

Kwa hiyo sijutii kura. Kinachonisumbua ni kingine.

## Sharti la meza

Chama chetu kilikuwa na sharti moja tu lililotiliwa mkazo: huweki kitu mezani mpaka useme kilivyofika mikononi mwako, na ukishasema, katibu anaandika katika daftari. Hujui? Sema hujui, nayo itaandikwa.

Na hatukugusa vya ardhini. Hili lilitugharimu wanachama vijana. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale kutoka Uchina na wa Makumbusho ya Taifa walipata Mambrui sarafu ya mfalme Yongle, yule aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424 na kupelekewa twiga kutoka Malindi. Miaka mitatu baadaye nyingine ikapatikana kisiwani Manda. Habari zile zilipoenea, vijana walianza kutujia na mifuko ya plastiki yenye vitu vya kijani vilivyoliwa na chumvi, wakitaka bei. Tulikataa kabisa. Sheria ya urithi ya 2006 inasema kitu cha kale kilicho ardhini ni cha serikali, na hata bila ya sheria, sarafu iliyong'olewa mahali pake imeshapoteza nusu ya habari zake. Zile sarafu ndogo za fedha za Shanga, mji wa kale wa kisiwa cha Pate, zilizofuliwa papo hapo zaidi ya miaka 1000 iliyopita, zimetufaa kwa sababu wachimbaji walijua ziko tabaka gani na karibu na nini. Zingetoka na jembe la mtu zingekuwa vipande vya fedha tu.

Ndiyo maana tukabaki na vile vilivyopita mikononi na mifukoni mwa watu: tokeni, vibati, senti, nishani. Vitu ambavyo habari zake haziko udongoni bali kinywani mwa mtu.

Napenda hasa senti kumi za 1936. Zina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeacha kiti Desemba mwaka huohuo hata kabla hajatawazwa. Sarafu yenye tundu haiweki sura, hivyo haikungoja picha yake ichorwe na kukubaliwa. Uingereza yenyewe haikuwahi kutoa rasmi sarafu ya kutumia yenye jina lake, lakini wachuuzi wa samaki wa pwani hii walizitunga kwenye kamba. Mama mmoja wa Mambrui alituletea kamba nzima ya bibi yake. Hakujua kuna jina gani juu yake. Alijua ilikuwa ikining'inia wapi, na kwamba bibi alikuwa akiitikisa kabla ya kwenda sokoni ajue ana kiasi gani. Kwangu, hilo la pili lilistahili daftari kuliko la Edward.

Malindi ikiwa Malindi, tulikuwa pia na gettone za Italia, tokeni za simu zenye mifereji, zilizoacha kutumika mwisho wa 2001. Waitaliano walikuja nazo mifukoni zikabaki kwenye droo za nyumba walizopangisha. Mwanachama wetu aliyefanya kazi za ndani maisha yake yote alikuwa na kopo zima. Alisimulia jinsi mwajiri wake mmoja alivyokuwa akilia akiishika moja, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akimpigia mama yake. Sote tulinyamaza. Kitu kisicho na thamani ya hata shilingi tano, na kila mtu mezani akamwonea huruma mwanamke asiyemjua.

Kibati cha mkonge kilitupa simulizi la namna nyingine. Ni kiduara cha bati chenye tundu na namba, basi. Mzee wa upande wa Kilifi alieleza: ukimaliza kazi uliyopimiwa unapewa kibati, na vibati ndivyo vinavyohesabiwa siku ya mshahara. Kazi isipotimia, hakuna kibati, na jua lote lile la kutwa limekwenda bure. Baba yake alikuwa akivishona kwenye pindo la shuka alale navyo. Sijasoma popote maelezo ya mkonge yaliyonifungua macho kuliko lile pindo la shuka.

## Kisicho na jina

Nishani zilikuwa ngumu zaidi.

Za Vita ya Kwanza mara nyingi zina jina la mpewa pembezoni: namba, cheo, jina, kikosi. Ukiwa na subira unaweza kuifuata familia. Za Vita ya Pili walizotoa Waingereza kwa askari wetu hazikuandikwa majina. Vijana wa pwani na bara walikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, mwaka 1944 wakateremka na bonde la Kabaw wakati wa masika, matope hadi magotini, na waliporudi wakapewa nyota ya Burma isiyosema ni ya nani. Siku mwenye kuijua akifa bila ya kusema, basi. Ile nyota inakuwa ya yeyote.

Nilikuwa na mazoea ya kuzigeuza pembezoni kwanza, kabla ya kuangalia sura. Hiyo ya Witu nilipoigeuza ilikuwa na jina. Baharia wa Kiingereza, na jina la meli yake.

Aliyeileta alikuwa mwenzetu ambaye sasa ni marehemu. Alisema aliinunua kwa mchuuzi wa vitu vya kale, na mchuuzi hakusema aliipata wapi, na ndivyo nilivyoandika. Wanawe waliambiwa waje waichukue. Hawakuitaka.

## Witu

Wasomaji wangu wa Lamu hawahitaji kuelezwa Witu. Lakini nimegundua kwamba wengi wetu tunalijua jina na tunakijua kituo cha basi, na hatujui nishani.

Mji ule ulianzishwa na Wanabahani, ukoo wa masultani wa Pate, waliohama kisiwa kile chini ya Ahmad bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba. Watoro waliokimbia utumwa walipata hifadhi huko. Wajerumani wakaufanya himaya yao 1885, kisha kwa mkataba wa Julai 1890 wakawaachia Waingereza, bila ya kumuuliza mtu wa Witu. Septemba ya mwaka huo Wajerumani kadhaa waliuawa mjini. Oktoba, Admirali Fremantle akatua na mabaharia wa meli zake, pamoja na askari wa Sultani wa Zanzibar na polisi wa Kihindi wa kampuni ya Kiingereza. Wakauteketeza mji. Fumo Bakari, sultani wa Witu, akakimbilia msituni na miezi michache baadaye akafa.

Kisha waliouchoma mji wakagawiwa nishani.

Kuna jambo moja ambalo hata baadhi ya wakusanyaji hawalitazami. Nyuma ya nishani pamechorwa mapigano msituni, askari wa Kiingereza wakipambana na mashujaa weusi chini ya mti mkubwa. Ule mchoro si wa Witu. Ni wa Edward Poynter, uliotengenezewa nishani ya vita vya Waashanti vya 1873 na 1874, huko Afrika Magharibi. Waliutumia tena. Waliochomewa nyumba Witu hawakupewa hata sura zao wenyewe kwenye chuma cha kuwakumbuka waliowachomea.

Nilipolisema hili mezani, mara ya kwanza ilipoletwa, mzee wetu wa Shela aliiomba, akaiangalia kwa muda mrefu, akairudisha bila neno.

## Fundi na Mwalimu

Kwa hiyo siku ya kuvunja chama, ikiwa imebaki peke yake pale kwenye leso, Fundi akasema tuiyeyushe.

Fundi ni sonara wa Lamu, na hakusema kwa hasira. Alisema ndivyo ilivyokuwa tangu zamani: riale za Maria Theresa, zote zikiwa na mwaka 1780 hata zilizofuliwa juzi, ziliingia Lamu kwa majahazi na zikaingia moto, zikatoka vikuku na mikufu ya maharusi. Hakuna aliyemlilia Maria Theresa. "Fedha yao imekuwa mapambo yetu," akasema. "Hii nayo nipeni. Nitaifanya kikuku, mtampa binti wa Witu siku ya harusi yake. Hapo itakuwa imelipa."

Nakiri maneno yale yalinitikisa. Nilikuwa nimezoea kufikiri kuyeyusha ni kuua kitu. Lakini watu wa pwani hii wamefanya mambo makubwa kwa moto. Vigae vya vyombo vya Kichina vilivyovunjika, mafundi wa Lamu huvitia kwenye pete za fedha na kila mtu anazitamani. Ni nani aliyeniambia kuhifadhi ni kuacha kitu kama kilivyo?

Mwalimu, ambaye amestaafu na hupenda kuja na karatasi, alipinga. Sheria, alisema, inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Nishani hii huenda imo, huenda haimo: ikiwa baharia aliishusha hapa mwenyewe ni jambo moja, ikiwa ililetwa na mtalii juzi ni lingine, na daftari letu limeandika tu "mchuuzi hakusema". Akataka ipelekwe Makumbusho ya Lamu iwekwe kwenye kabati la kioo, na maelezo yake.

Mwingine, sitamtaja hata kwa mtaa wake, akakumbusha kwamba nishani za namna hii wakusanyaji wa Ulaya huzinunua kwa fedha nzuri, na mjane wa marehemu ana shida. Hoja ile ilikuwa ya haki. Tulimchangia mjane palepale, na lile la kuuza nje likafa.

Nami nikasema langu. Nilisema isiyeyushwe, kwa sababu hii ni risiti. Wamekubali kwa maandishi, kwa fedha yao na mwaka wao, kwamba walikwenda Witu mwaka 1890. Mji ukiungua, nyaraka zake nazo huungua. Hatuna vingi vya kushika mkononi kuhusu siku zile, na hiki tulicho nacho kimetiwa jina la aliyekuwepo. Ukikifanya kikuku umemfutia deni.

Nilidhani nimesema vizuri.

## "Mkinipa, mmenipa"

Bibi alikuwa ameketi karibu na mlango. Ni mzaliwa wa upande wa Witu, alijiunga na chama kwa ajili ya riale za mama yake na hakuwa msemaji. Alimwacha kila mtu amalize. Kisha akaniambia mimi:

"Mwanangu, hiyo risiti mmeisoma nyinyi wote. Mmenitajia meli, mmenitajia baharia, mmenitajia na mchoraji. Hamkunitajia mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba."

Nikasema, "Tumemtaja Fumo Bakari, Bibi."

"Huyo ni sultani."

Akaomba apewe yeye. Mwalimu akauliza, kwa adabu, kama atakubali kuahidi kwamba hatoiuza wala hatoiyeyusha, tuandike kwenye kumbukumbu za mkutano. Bibi akakataa. Alisema hawezi kupewa kitu cha Witu kwa masharti ya watu wa Malindi. "Mkinipa, mmenipa."

Hapa ndipo tulipogawanyika kweli, baada ya alasiri nzima ya upole. Mwalimu alitaka kura iahirishwe, ingawa hapakuwa na kikao kingine cha kuahirishia. Fundi alikuwa upande wa Bibi mara moja. Mimi nilikaa nikijiuliza kama kweli nataka kuilinda nishani, au nataka nibaki kuwa mtu anayeamua inalindwaje. Kwa miaka yote ile sharti letu lilikuwa kwamba kitu kinakwenda na habari zake, na mbele yetu alikuwepo mtu mwenye upande wa habari ambao daftari halikuwa nao hata mstari mmoja. Tungemwekea masharti gani?

Kura ilipita. Bibi aliifunga kwenye pembe ya leso yake, akaiweka ndani ya mkoba, akamwuliza mweka hazina basi la asubuhi linaondoka saa ngapi.

Mwalimu alinikasirikia, na sijui kama ameshapoa. Namheshimu. Hoja yake haikuwa dhaifu: kesho nishani ile ikitokea kwenye mnada wa mji wa mbali, nitakuwa nimesaidia kuitoa nchini. Nimelala na wazo hilo usiku mwingi.

## Kilichobaki kwangu

Nilibaki na daftari. Ndilo lililonikera kwa wiki zote hizi, kuliko nishani yenyewe. Vitu vimerudi kwa wenyewe, kila kimoja na njia yake, na maneno yake yote yako kwangu, Malindi, katika mwandiko ambao baadhi ya kurasa ni mimi tu ninayeweza kuusoma. Mama wa Mambrui ana kamba ya senti, mimi nina habari za mtikiso wa bibi yake. Tuliligawa lile lililo rahisi kugawa.

Nimeanza kunakili. Kila mwanachama ninamwandikia kurasa za vitu vyake upya, kwa herufi zinazosomeka, na ninampelekea. Za Mwalimu nilizipeleka mwenyewe, akazipokea. Kazi inakwenda taratibu. Kuna mahali nimeandika "tazama nyuma" na nyuma hapana kitu. Pengine nimeandika jina la mtaa bila ya jina la mtu, na mtu ameshafariki.

Ukurasa wa nishani ya Witu niliutuma kwa basi, kwa mkono wa kondakta ninayemfahamu. Siku chache baadaye Bibi akapiga simu. Ameusoma na mjukuu wake. Anasema haufai.

Si kwamba una makosa. Umejaa, alisema, lakini ni wa upande mmoja: juu mpaka chini ni Waingereza, na Fumo Bakari amepata nusu ya mstari. Ana mjomba wake mkongwe sana ambaye bado anakumbuka aliyosimuliwa na waliokuwa watoto siku ya moto, nani alibebwa mgongoni, nani alirudi kutafuta mbuzi, kisima gani watu walinywa walipotoka msituni. Mjomba huchoka haraka na hasikii vizuri, kwa hiyo yeye Bibi huuliza, kisha hunipigia na kunisomea, nami naandika. Nikikosea jina ananirudisha. Jina la kisima limenisumbua, kwa sababu mjomba hulitaja kwa namna mbili, na Bibi ameniambia niziandike zote mbili mpaka atakapokwenda kuuliza kwa watu wa upande wa pili wa mji.

Nimeacha kurasa tatu wazi. Nadhani hazitatosha.